Yadi ya mbao au hadiwea ya mtaani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na anayekarabati nyumba Dar es Salaam

Anayejenga nyumba mpya huagiza Fuso zima na hesabu yake akaifanya mara moja. Anayekarabati ana shida ya namna nyingine: leo anataka mbao sita za kenchi, kesho bawaba nne, keshokutwa mfuko mmoja wa saruji na nusu kilo ya misumari, na kila safari ina nauli ya guta na siku ya fundi inayoteketea. Maswali yafuatayo ni ya mtu huyo. Majibu yamelengwa Dar es Salaam na miji ya jirani. Mikoani nauli zitabadilika, ila mbao ni zile zile.

Kwani tofauti yake hasa ni nini? Si wote wanauza vifaa vya ujenzi?

Hadiwea inauza vitu vilivyotoka kiwandani. Bawaba ya inchi nne ya boksi moja inafanana na mwenzake, na ukishajua chapa na kipimo kilichobaki ni kuulizia bei. Yadi inauza kitu ambacho havipatikani viwili vinavyofanana. Mbao mbili za rundo moja, zilizoshushwa na lori moja, moja inaweza kuwa imenyooka na nyingine imepinda, ina fundo katikati, au bado inatoa maji. Kwa hiyo dukani unaanza na bei, yadi unaanza na macho.

Mipaka yenyewe imechanganyika. Hadiwea nyingi za mtaani huegemeza mbao chache ukutani pale nje, na yadi nyingi zina kibanda cha misumari na gundi. Hizo zilizoegemezwa zitazame kwa makini zaidi: zimepita mkono mmoja wa ziada, wanunuzi waliotangulia wameshachagua nzuri, na kusimama juani kwa wiki kadhaa kumezifundisha kupinda.

Wapi ni nafuu?

Kwa kipande kimoja, karibu kila mara ni yadi. Lakini mfuko wako haujali bei ya kipande, unajali gharama ya futi utakayoipigilia.

Tufanye hesabu kwa bei za kutunga. Wewe utaweka za kwako. Yadi inauza mbao ya inchi mbili kwa nne ya futi 12 kwa shilingi 10,000. Hadiwea ya mtaani inauza 12,000. Guta kutoka yadi hadi kwako ni 25,000, wakati ya dukani kijana ataibeba begani. Tofauti ya kila mbao ni 2,000, kwa hiyo unahitaji kununua 13 ndipo nauli irudi. Ukitaka sita, kwenda yadi ni hasara hata kama muuzaji ni mjomba wako.

Sasa geuza upande wa pili. Umenunua 20 yadi kwa haraka bila kuchagua, na tatu hazifai. Umelipa 200,000 kwa mbao 17, yaani kila inayofaa imekugharimu karibu 11,800. Unafuu karibu wote umeyeyuka na nauli bado hatujaihesabu. Ndiyo maana nusu saa ya kuchagua ina thamani kuliko kukazana kupunguziwa shilingi mia tano.

Nimepima mbao ya "mbili kwa nne" nikakuta haifiki. Nimeibiwa?

Mara nyingi umeuziwa kipimo cha jina. Sehemu kubwa ya mbao laini zinazoingia Dar zinatoka Nyanda za Juu Kusini, hasa Mufindi na Njombe, na nyingi zinapasuliwa shambani kwa mashine ndogo za kuhamishika ambazo wenyewe wanaziita dingidongo. Msumeno wake ni mnene, unakula mbao nyingi kuwa unga, na mpasuaji anayetaka kupata vipande vingi kwenye gogo hupunguza kidogo kila upande. Ikikauka nayo inasinyaa. Mwisho wa safari, mbili kwa nne inaweza kupima inchi moja na robo tatu kwa tatu na robo tatu.

Robo inchi inaonekana ndogo, ila piga hesabu. Mbili kwa nne kamili ina inchi 8 za mraba kwenye kichwa chake. Hiyo iliyopungua ina 6.56, sawa na asilimia 82. Ukilipia mbao 100, umepata ujazo wa mbao 82. Kwenye kenchi ni kibaya zaidi, maana ukakamavu wa boriti unafuata kimo chake kikizidishwa chenyewe mara tatu (kimo × kimo × kimo): mbao hiyo inabaki na kama asilimia 72 tu ya ukakamavu wa ile kamili. Fundi aliyepanga nafasi za kenchi kwa kipimo cha jina atashangaa bati linapoanza kubonyea.

Anayefuatilia video za mafundi wa Marekani atasema hata kule mbili kwa nne ni moja na nusu kwa tatu na nusu. Ni kweli, na kipimo hicho kimewekwa na kiwango chao: mbao imekaushwa, imepigwa randa, na kila kipande kinalingana na mwenzake. Tatizo la huku ni kwamba ndani ya rundo moja utakuta hii ina tatu na nusu na ile ina nne kasoro kidogo. Ukizipiga dari pamoja, jipsamu itapanda na kushuka.

Nenda na tepu. Inchi mbili ni sentimita 5.1 na inchi nne ni 10.2. Pima vichwa vyote viwili na katikati, kisha zungumza bei kwa kipimo ulichokiona. Muuzaji mzuri hatakasirika. Wengi wana rundo la "kipimo kamili" pembeni na bei yake tofauti.

Mbao za dawa nitazijuaje? Zote ni za kijani.

Ukisimama mbele ya rundo la kijani jibu huwa moja: "Hizi za dawa hizi, bosi, mchwa hagusi." Rangi ya kijani inatokana na shaba iliyomo kwenye dawa iliyozoeleka, mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki. Lakini kijani ni rangi, na rangi hupakwa.

Utiaji dawa wa kweli unafanyika ndani ya tangi la chuma. Mbao zinafungiwa, hewa inavutwa hadi itoke kwenye vinyweleo vya mti, kisha dawa inasukumwa kwa shinikizo. Kuna wanaochovya mbao kwenye pipa au kuzipitishia brashi. Hapo dawa inaishia kwenye ngozi, na mchwa akipata ufa mmoja amefika nyama. Hata tangi la kweli halisaidii mbao ikiingizwa mbichi, maana vinyweleo vimejaa maji na dawa haina pa kupita.

Njia ya kuhakikisha ni kukata. Usikate kichwani, kwa sababu vichwa hunywa dawa kuliko sehemu nyingine na vitakudanganya. Omba mbao moja ikatwe kama futi moja kutoka mwisho na utazame uso mpya. Kwenye paini, sehemu ya nje ya mti inapaswa kuwa imeshika kijani kwenda ndani. Kiini kinaweza kubaki cheupe kwa kuwa kinakataa dawa. Ukiona kamstari ka kijani kembamba kama ukucha kimezunguka ukingo na ndani kote kweupe, hiyo imepakwa. Akikataa kukata, inunue moja ukate mwenyewe kabla hujalipia 40.

Halafu kuna jambo mafundi wengi hulipuuza: kila utakapokata kwenye kazi umefungua mlango. Vichwa vipya vipakwe dawa ya brashi, ambayo hiyo sasa utaipata hadiwea.

Mbao mbichi ina ubaya gani kama itakaukia juu ya paa?

Mbao huanza kusinyaa maji yaliyomo yakishashuka chini ya kama asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu, na haisinyai sawasawa. Kufuata mviringo wa pete za mti inasinyaa karibu mara mbili ya inavyosinyaa kuelekea kiini. Hapo ndipo panapozaliwa kupinda, kujikunja na kupasuka vichwa.

Kenchi inaweza kuvumilia mbao iliyokauka nusu, mradi ipigiliwe mapema kabla haijajipinda, na misumari iwe ya kutosha. Blandaringi, yaani mbao za kufungia dari, haivumilii. Ukifunga jipsamu kwenye mbao mbichi, miezi michache baadaye utaona nyufa zimefuata maungio yote, na fundi wa rangi atalaumiwa bure. Mlango na fremu ndiyo usiseme.

Namna ya kupima bila mashine: nyanyua mbao mbili za kipimo kimoja, nzito ndiyo yenye maji. Gusa katikati ya rundo, usiguse ya juu iliyopigwa na jua. Ukishazifikisha nyumbani, zilaze kivulini kwenye magongo yaliyonyooka, weka vijiti kati ya tabaka moja na jingine ili hewa ipite, na uweke mzigo juu. Wiki kadhaa za hivyo zinaokoa mengi. Kuzisimamisha ukutani ni kuzipindisha kwa makusudi.

Paini, mkaratusi, mninga, mkongo: nichukue ipi kwa kazi gani?

Paini kwa kenchi, papi (mbao za kupigilia bati) na blandaringi. Ni nyepesi, inapigilika bila kupasuka, na inapokea dawa vizuri. Bila dawa, pwani hii ni chakula cha mchwa.

Mkaratusi una nguvu zaidi lakini ni mzito, na ukikauka unapenda kujipinda na kupasuka. Mirunda yake ya kushikilia zege haina mpinzani. Kwa kazi ya ndani inayotaka unyoofu, waachie wengine.

Mninga umejijengea jina kwa sababu ya haki: husinyaa kidogo sana, mchwa hauwezi kirahisi, na ukipigwa vanishi unapendeza. Milango, fremu, kabati. Mkongo ni mzito na mgumu kuliko mninga, na fremu inayopigwa na mvua inauhitaji huo. Mtiki wa mashamba ya Longuza kule Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro nao ni mzuri kwa milango, ila ule wa miti michanga una nyeupe nyingi pembeni, na hiyo nyeupe haina ustahimilivu unaousifia.

Angalizo moja: mninga hughushiwa. Mbao nyingine inapakwa rangi ya kahawia na kuuzwa kwa jina lake. Omba ipigwe randa sehemu ndogo mbele yako, rangi ya ndani ikitofautiana na ya juu uondoke. Na kwa kuwa mninga na mkongo hutoka misitu ya asili, muulize muuzaji nyaraka za mzigo. Mwenye mzigo halali anazo.

Je, si bora niende mwenyewe Mafinga au Njombe nikachukue kwa bei ya shambani?

Kwa ukarabati, hapana. Kwa kuezeka nyumba nzima upya, au mkiungana majirani watatu, hesabu inaanza kuwa na maana.

Mita moja ya ujazo ni kama mbao 53 za mbili kwa nne zenye futi 12 na kipimo kamili. Anayekarabati chumba na baraza hafiki hata hapo, na lori halitatembea kutoka Mafinga kwa mzigo wa aina hiyo isipokuwa ubandikwe kwenye mzigo wa mtu mwingine. Halafu kuna karatasi: mazao ya misitu yanasafirishwa kwa hati ya usafirishaji inayotolewa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na kuna ushuru wa halmashauri na vizuizi vya ukaguzi njiani. Mfanyabiashara wa yadi anajua njia hizo kila wiki. Wewe utajifunza kwa mzigo wako.

Soko nalo halitulii. Kenya ilipozuia ukataji miti kwenye misitu ya serikali mwaka 2018, zuio lililoondolewa 2023, wanunuzi wa huko walizidi kutegemea mbao za Tanzania. Bei uliyosikia kwa jamaa yako wa Njombe mwaka jana usiifungie safari.

Vitu gani nisivinunue yadi hata vikiwepo?

Vyote vyenye alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na tarehe. Saruji kwanza: mfuko wa kilo 50 uliokaa kwenye kibanda cha yadi, juu ya udongo, unanyonya unyevu. Nunua kwenye duka ambalo mzigo unatoka haraka, bonyeza kona za mfuko, ukihisi mabonge uache. Kwa plasta na kujengea, saruji ya daraja la nguvu 32.5 inatosha; kwa zege la nguzo na slabu, 42.5.

Nondo kama utaongeza linta au kibaraza. Hapa kuna mchezo wa unene. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, gawa kwa 162, utapata kilo kwa kila mita. Nondo ya milimita 12 ni 144 gawa kwa 162, yaani 0.89, kwa hiyo ya mita 12 inapaswa kuwa na kama kilo 10.7. Ya milimita 10 ni kilo 7.4. Hadiwea yenye mizani ya misumari ya kilo tano haitakusaidia, ila duka kubwa litakupimia. Ikija na kilo tisa, wewe na fundi wako mmeuziwa nondo ya kumi na moja kwa bei ya kumi na mbili.

Bati: namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba, na ndiyo maana thelathini huuzwa kwa jina la ishirini na nane. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye bati lenyewe, usisome kibao cha bei. Kwa paa lenye mteremko mrefu nenda kwa watengenezaji wanaokata kwa urefu wako. Unaokoa maungio, na kwenye maungio ndipo panapovuja.

Nyaya za umeme: milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, na hapa usibembeleze bei. Rangi nunua yote siku moja, kutoka mchanganyiko mmoja. Kopo la kuongezea wiki mbili baadaye litaonekana ukutani. Misumari na skurubu kwa nyumba za karibu na bahari ziwe zimepakwa zinki, kwani chumvi ya Msasani au Kigamboni haina huruma.

Na plaiwudi na MDF je?

Hapa duka na yadi wanalingana, basi angalia kingo. Karatasi ya futi nane kwa nne ioneshe tabaka zilizoshikana bila mashimo. MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, ni nzuri kwa kabati la chumbani. Chini ya sinki itavimba kama andazi.

Niende na fundi au niende peke yangu?

Nenda naye, lakini gawaneni kazi. Tuseme wazi: maduka na yadi nyingi humpa fundi chochote kwa kumleta mteja, na hicho chochote kinatoka kwenye bei yako. Haimaanishi fundi wako ni mwizi. Ni desturi ya biashara, na mara nyingi malipo yake ya siku ni madogo kiasi kwamba anaitegemea.

Dawa yake ni kumlipa siku hiyo kama siku ya kazi na kumwambia mapema. Yeye achague mbao, wewe uongee bei na ulipe. Piga simu yadi mbili kabla hamjatoka, uwe na bei ya kulinganisha. Fundi akikazana kwamba ni lazima iwe yadi fulani tu, muulize kwa nini; wakati mwingine ana sababu nzuri, kama mashine ya randa iliyo sawa au rundo kavu analolijua.

Wanirandie na kunipasulia palepale, au nimwachie fundi?

Palepale, kwa kazi yoyote inayozidi mbao tano. Mashine ya yadi inafanya kwa dakika kazi ambayo randa ya mkono itaila kutwa nzima. Kumbuka tu kwamba randa inapunguza: mbao ya inchi moja ikipigwa pande mbili itabaki kama robo tatu, kwa hiyo mwambie mpimaji kipimo unachotaka kibaki, usimtajie cha kuanzia. Na baki uone zikipita. Mbao ulizochagua nusu saa nzima zina tabia ya kubadilishwa zikiingia nyuma ya kibanda. Zitie alama ya chaki.

Kama unachotaka ni mlango au fremu iliyokamilika, ruka yadi uende kwa maseremala wa Keko au wa mtaani kwako, ukiwa na vipimo vya tundu lenyewe: upana juu, katikati na chini, maana nyumba za zamani hazina pembe mraba.

Naweza kurudisha kilichobaki?

Hadiwea, mara nyingi ndiyo, kwa siku chache na risiti, kama boksi halijafunguliwa. Saruji hawapokei, na wana haki. Yadi ni vigumu: mbao ikishatoka getini wanaamini umebakiza mbaya. Unaweza kuafikiana kabla ya kulipa kwamba mbao tatu au nne utakazoziongeza kwa tahadhari zitabadilishwa kwa kipimo kingine. Wakikubali, iandikwe kwenye risiti.

Risiti ya EFD ina umuhimu gani kwa mbao?

Sheria inamtaka mnunuzi aidai, hilo moja. La pili ni kwamba bila risiti huna pa kuanzia ukigundua dawa ilikuwa rangi. Utaambiwa "bila risiti nakupunguzia." Linganisha punguzo hilo na thamani ya mzigo. Kwa kilo ya misumari amua mwenyewe, kwa paa zima, dai risiti yenye kipimo, idadi na neno "za dawa."

Duka langu linaniruhusu kudunduliza, nalipa kidogo kidogo. Nifanye hivyo?

Kwa bati, vigae na milango, ndiyo, mradi kila malipo yana maandishi na mmekubaliana kama bei inafungwa leo au itafuata soko siku ya kuchukua. Ugomvi wote huanzia hapo. Kwa saruji usikubali kuwekewa mifuko mingi. Ikipita miezi mitatu nguvu yake inapungua. Mbao usidundulize kwa rundo usilolimiliki. Lipa, chukua, ukaushie kwako.

Msimu gani mzuri kununua?

Kiangazi, kati ya Juni na Septemba. Huko nyanda za juu mvua zimekatika, malori yanafika mashambani, mbao zinashuka zikiwa kavu zaidi na yadi zimejaa. Masika ya Dar ni wakati mbaya maradufu: paa lako limefunguliwa na mbao zinaloana uani. Kama linavuja tayari, nunua chache za kuzibia, mengine yasubiri.

Nyumba yetu ya familia ni ya zamani, Zanzibar, ina boriti. Nibadilishie wapi?

Si yadi wala hadiwea. Boriti za mikoko zilibeba dari za nyumba za mawe kuanzia Lamu hadi Zanzibar, na majahazi yalizipeleka mpaka Ghuba; upana wa vyumba vyenyewe ulifuata urefu wa boriti. Leo ukataji wa mikoko unadhibitiwa, na Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hiyo anza kwa mamlaka inayouhifadhi kabla hujagusa chochote. Watakuelekeza kwa mafundi wanaojua pia chokaa. Plasta ya saruji juu ya ukuta wa mawe ya matumbawe hufungia unyevu ndani, na boriti huoza vichwa pale zinapoingia ukutani.

Mbao zilizotumika, za kubomolea nyumba au za zege, zinafaa?

Za kubomolea, mara nyingi zinafaa sana: zimekauka miaka, hazitapinda tena, na mninga wa mlango wa zamani ni bora kuliko mwingi wa sasa. Toa misumari yote kabla ya randa, la sivyo utalipa kisu cha mashine. Gongagonga, ukiona unga mlaini unadondoka kwenye vitundu, bungua yumo, usiuingize ndani. Za zege zina saruji iliyoganda na nguvu zake zimechoka. Tumia kwa jukwaa la fundi wa rangi au banda la kuku.

Mabaki ya mbao za dawa niyafanyeje? Mama anataka kuni.

Mwambie shikamoo, kisha mwambie hapana. Dawa hiyo ina aseniki. Ikichomwa, sehemu yake inapanda na moshi na nyingine inabaki kwenye majivu. Usipikie, usichomee nyama, usiyaweke majivu bustanini, na unga wa msumeno usiutandaze bandani kwa kuku. Fundi anayekata avae barakoa na anawe kabla ya kula. Vipande virefu viweke kwa viraka vya papi na rafu za stoo. Vifupi vifunge kwenye kiroba peke yake, umwambie mzoa taka ni mbao za dawa, asije akavipeleka kwa mama lishe.